Pango linazidi rejesho kidogo: je, ninunue hiyo nyumba?

SWALI: Mimi ni mwajiriwa, mama wa watoto wawili. Kwa miaka 9 nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue nyumba ya kupangisha. Nimepata nyumba ya vyumba viwili inayouzwa 3,000 (nimezipunguza namba zote kwa kiwango kimoja ili iwe rahisi kuhesabu). Akiba yangu ni 1,200. Nikitanguliza 1,000, benki itanikopesha 2,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa miaka 15, na rejesho litakuwa 24 kwa mwezi. Ndani yumo mpangaji anayelipa 26 kwa mwezi, na mwenye nyumba anasema hajawahi kusumbua. Kwa hiyo mpangaji atanilipia mkopo na mimi nitabaki na 2 kila mwezi. Ninunue? Mpangaji nimwache? Na nisimamie mwenyewe au nimpe wakala?

JIBU: Dada yangu, kwa bei hiyo na kwa mkopo wa ukubwa huo, usinunue. Nyumba yenyewe sijaiona, huenda ni nzuri, na kabla sijamaliza nitakutajia bei ambayo ningekubali uichukue. Lakini hesabu uliyoniletea ni ya mwezi mzuri: mpangaji yumo, kalipa, bomba halijapasuka, benki haijagusa riba. Akiba ya miaka 9 haifai kutegemea mwezi mmoja mzuri. Tukae tuhesabu mwaka.

Kwanza tuelewane neno moja. Pesa anayotoa mpangaji wengi tunaiita kodi, na ya serikali nayo tunaiita kodi. Hapa ya mpangaji nitaiita pango, neno kodi libaki la serikali.

Pango la 26 kwa miezi 12 ni 312. Toa mwezi mmoja mtupu. Najua utasema mpangaji yumo, lakini hakuna mpangaji wa milele. Siku akiondoka utahitaji wiki nzima ya kusafisha na kupaka rangi, kisha wiki mbili tatu za kutafuta mwingine. Na hata kama atakaa miaka 3 bila kuyumba, halafu nyumba ikalala tupu miezi 3, wastani unarudi palepale. Imebaki 286. Toa matengenezo. Sisi wa kazi hii ya kupangisha nyumba huwa tunatenga kila mwaka angalau asilimia 1 ya thamani ya nyumba, na kwa nyumba yako ni 30. Kuna mwaka utatumia 5 tu, na kuna mwaka hita ya maji na paa vitaharibika pamoja utumie 80. Asilimia 1 ni ya kukufikisha huko ukiwa na pesa mkononi. Imebaki 256. Toa bima ya jengo na kodi ya jengo. Viwango hutofautiana mahali na mahali, kwa hiyo nimeweka 12 kwa yote mawili, na wewe ukaulize upate vya kwako. Imebaki 244.

Hiyo 244 ndiyo nyumba inakupa. Rejesho la benki ni 24 mara 12, yaani 288. Ulidhani utabaki na 24 kwa mwaka. Kumbe utatoa 44 kwenye mshahara wako, na hapo wakala hajalipwa wala kodi ya mapato haijaguswa.

Nikutendee haki: 44 hiyo si hasara yote. Katika marejesho ya mwaka wa kwanza, karibu 51 inapunguza deni, na 237 iliyobaki ni riba. Umetoa 44 mfukoni, deni limeshuka 51, umefaidi 7. Ila ili uipate hiyo 7 umefungia 1,000 ndani ya ukuta, ukabeba deni la 2,000, na ukapokea simu za usiku mwaka mzima. Na tazama deni linavyokwenda. Baada ya miaka 5 utakuwa umeilipa benki 1,440, na bado utadaiwa karibu 1,673. Nimewaona watu wakiomba taarifa ya mkopo mwaka wa tano, wakaduwaa, wakaamini benki imekosea. Haijakosea. Kwenye mkopo mrefu riba ndiyo inayolipwa zaidi miaka ya mwanzo, deni lenyewe linaguswa kidogo kidogo.

Kiini cha tatizo ni hiki, na ningependa ukielewe hata kama utasahau mengine yote. Gawanya 244 kwa 3,000: nyumba inazaa asilimia 8 na kidogo kwa mwaka. Benki inakutoza asilimia 12. Kila 100 unayokopa inazalisha 8 na inadaiwa 12. Katika hali hiyo, kadiri unavyokopa zaidi ndivyo unavyopungukiwa zaidi, na mkopo unageuka mzigo ambao nyumba haiwezi kuubeba peke yake. Mambo yangekuwa kinyume, nyumba ikazaa 12 na benki ikatoza 8, ningekwambia kopa kwa kiasi, mkopo utakuinua. Kwa hiyo kila unapoonyeshwa nyumba, tafuta kwanza namba mbili hizi, uzao halisi baada ya gharama na riba ya mkopo, uziweke pamoja kwenye karatasi moja. Dalali atakupa uzao wa juu juu, pango la mwaka kugawanya kwa bei, ambao kwa nyumba hii ni asilimia 10.4. Si uongo, ni hesabu ambayo haijatoa gharama hata moja.

Najua jibu linalofuata, maana nami niliwahi kulitumia nikiwa kijana kwenye kazi hii: bei ya nyumba itapanda. Mara nyingi hupanda, lakini haijaahidi lini. Marekani bei zilifika kilele mwaka 2006, kisha zikashuka kwa zaidi ya robo kwa wastani wa nchi nzima hadi kufikia 2012. Ambaye pango lake lilitosha kulipa rejesho na gharama aliweza kungoja bei zirudi. Aliyekuwa akingoja bei ipande ili auze ndipo alipe, hakuwa na pa kusimama. Bei ikipanda ichukue kama nyongeza. Usiiweke kwenye hesabu ya kununua.

Tena iulize benki swali hili, na ulipate jibu kwa maandishi: hiyo asilimia 12 imefungwa kwa miaka mingapi? Ikiwa inaweza kubadilika, rudia hesabu kwa asilimia 15. Rejesho linapanda kutoka 24 hadi 28 kwa mwezi, 336 kwa mwaka, na pengo lako linatoka 44 linakuwa 92. Hapo mpangaji hajakosa kulipa na bomba halijapasuka; imebadilika namba moja tu benki. Hukohuko Marekani, riba ya mikopo mipya ya nyumba ya miaka 30 ilikuwa karibu asilimia 3 mwaka 2021, na mwaka 2023 ikavuka 7. Aliyefunga riba yake mapema alilala. Aliyekopa kwa riba inayofuata soko aliamka na rejesho jingine.

Sasa bei. Mabenki yanayokopesha wenye majengo ya biashara hupenda kuona mapato halisi yanazidi marejesho kwa angalau asilimia 20, na nadhani mnunuzi mdogo anahitaji nafasi hiyo kuliko hata mkubwa, kwa sababu wewe una nyumba moja: ikilala tupu, mapato yako yote yamelala. Chukua 244, ipe nafasi hiyo, unapata marejesho ya kama 203 kwa mwaka, karibu 17 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 12 na miaka 15, rejesho hilo linabeba mkopo wa 1,400 hivi. Ongeza 1,000 yako: bei unayoweza kutoa bila kujiumiza ni 2,400. Muuzaji anataka 3,000. Pengo la 600 ni kubwa, huenda akacheka. Sawa, acheke. Kuna kiwango cha katikati pia, karibu 2,700, ambapo pango linalipa gharama na rejesho na hakibaki kitu. Hapo hutoi mfukoni katika mwaka wa kawaida, lakini mwaka mbaya wote ni wako. Kupita hapo, kila mwezi utakuwa unamsaidia mpangaji wako kulipa pango.

Na ile 200 inayobaki kwenye akiba yako tayari ina wenyewe. Kununua nyumba kuna ada ya wakili, uthamini, ushuru wa uhamisho, usajili. Zikiwa asilimia 4 ya bei zimekula 120, umebaki na 80, yaani marejesho ya miezi 3 na ushee. Mimi huwaomba watu wawe na marejesho ya miezi 6 pembeni siku wanayokabidhiwa funguo, kwako ni 144. Watu huniambia hiyo ni pesa iliyokaa bure. Haikai bure. Ndiyo inayokuruhusu kumkataa mpangaji mbaya wakati nyumba ina wiki ya tano tupu na umechoka kusubiri. Mwenye nyumba asiye na akiba humchukua yeyote anayekuja na pesa ya mwezi wa kwanza, na hapo ndipo matatizo ya mwaka mzima huanzia.

Tuseme umepata nyumba hii au nyingine kwa bei inayokubali hesabu. Nenda ukaitazame mara tatu: asubuhi, usiku, na siku ya mvua. Ya mvua ndiyo usiikose kabisa. Nyumba yangu ya pili niliinunua wakati wa kiangazi. Chumba cha nyuma kilikuwa kimepakwa rangi mpya ukuta mmoja tu, mingine mitatu ilikuwa na rangi ya zamani iliyofifia. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikajiambia mwenye nyumba alikuwa anaboresha akaishiwa pesa. Kabati kubwa lilikuwa limeegemezwa pale pale. Mvua ya kwanza iliponyesha, mpangaji akanipigia. Tulipolisogeza lile kabati, lipu yote ya chini ilikuwa imevimba kama mkate uliolowa, ukigusa kwa kidole inamomonyoka, na nyuma ya ubao wa kabati ukungu mweusi ulikuwa umepanda hadi usawa wa kiuno. Maji yalikuwa yakitoka mfereji wa nje ulioziba, yanakaa kwenye msingi. Kurekebisha kulikula pango la miezi 8. Tangu siku hiyo, nikiona rangi mpya mahali pamoja tu, naomba ruhusa ya kusogeza vitu.

Ukiwa ndani, fungua mabomba yote kwa mkupuo mmoja uone kama msukumo unakufa. Vuta maji ya choo huku bafu linatiririka. Kisha funga kila bomba, nenda kwenye mita ya maji, iangalie kwa robo saa: sindano ikisogea, kuna maji yanapotea ardhini au ukutani, na bili hiyo itakuwa yako. Tazama dari, alama ya duara yenye ukingo wa kahawia ni maji yaliyowahi kupita, hata kama leo pamekauka. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu ni za kawaida. Ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha ukashuka mshazari, unaopanuka kuelekea upande mmoja, au unaoingia kidole, huo mwite mhandisi kabla hujasema neno lolote la bei. Bodi ya umeme iguse kifuniko chake kwa nyuma ya kiganja. Ikiwa ya moto, au kuna harufu ya plastiki iliyoungua, fundi umeme aifungue. Tafuta chemba za maji machafu ziko wapi na nani mwingine anazitumia. Vitu hivi vyote havichukui nusu siku, na fundi mmoja wa bomba na mmoja wa umeme ukiwalipa waje nawe, ni pesa ndogo sana mbele ya 3,000.

Hati nayo usiipokee mkononi ukaridhika. Nenda mwenyewe au wakili wako, asiwe wakili wa muuzaji, mkapekue kwenye ofisi ya usajili: jina ni la huyu anayeuza? Kuna mkopo au zuio juu yake? Kama muuzaji ana mwenza, yeye amekubali? Kama ni nyumba ndani ya jengo la pamoja, kuna madeni ya huduma? Hapa sirefushi, wakili anayejua kazi yake atakuongoza.

Swali lako la pili, la mpangaji. Ningemwacha, lakini kwanza ningehakikisha ni huyohuyo ninayeelezwa. Muuzaji kusema hajawahi kusumbua hakunipi kitu. Omba taarifa ya benki au ya malipo ya simu ya miezi 12 inayoonyesha pango likiingia, uone tarehe. Anayelipa 26 kila tarehe 3 ni tofauti na anayelipa 10 tarehe 8, 9 tarehe 20, na 7 mwezi unaofuata, ingawa mwisho wa mwaka wote wamelipa 312. Omba mkataba wa pango uusome wote, maana nchi nyingi mkataba huo haufi nyumba inapouzwa. Unahamia kwako pamoja na nyumba, na ahadi zilizomo unazirithi.

Zilizo hatari zaidi ni zile ambazo hazimo kwenye mkataba. Muuzaji alimwambia atengeneze paa kwa pesa yake kisha akate kwenye pango. Au alipokea pango la miezi 6 mbele na pesa ameshaitumia. Wewe utajua hayo siku utakapokwenda kudai pango la kwanza. Dawa yake ni karatasi moja ambayo mimi sinunui nyumba yenye mtu bila hiyo. Mnaketi watatu, muuzaji, mpangaji na wewe, mnaandika: pango ni kiasi gani, limelipwa hadi tarehe ipi, amana iliyowekwa, yaani pesa ya dhamana ya mpangaji, ni kiasi gani, mkataba unaisha lini, kuna ahadi gani kati yao, kuna kitu gani kibovu ambacho mpangaji ameshaomba kitengenezwe. Wote watatu mnatia sahihi. Amana ile ikatwe kwenye bei siku ya malipo, kwa sababu mpangaji akiondoka atakudai wewe. Na lile swali la mwisho, la vitu vibovu, limewahi kunionyesha matatizo mengi kuliko ukaguzi wa fundi. Mtu anayelala ndani anajua.

Akibaki, usikimbilie kupandisha pango. Piga hesabu hii. Ukipandisha kutoka 26 hadi 28 unapata 24 zaidi kwa mwaka. Akiondoka kwa sababu hiyo, nyumba ikalala mwezi mmoja, umepoteza 26, na rangi na vitasa vya 20, jumla 46. Itakuchukua karibu miaka 2 kurudisha ulichopoteza, ikiwa anayekuja ni mzuri kama aliyeondoka. Kwa mpangaji anayelipa kwa wakati na anayekupigia simu bomba likianza kudondoka badala ya kungoja likapasuka, mimi huwa radhi pango lake likae chini kidogo ya soko. Panda kidogo, kwa taarifa ya mapema, kwa kiwango ambacho sheria ya kwenu inaruhusu, na ikiwezekana uende na kitu mkononi: umebadilisha sinki, umepaka rangi jikoni.

Akiondoka na ukatafuta mwingine, uliza mambo yanayohusu uwezo na tabia ya kulipa, kwa waombaji wote maswali yaleyale: kipato kinatoka wapi, alikaa wapi, kwa nini anahama. Mpigie mwenye nyumba wa kabla ya huyu wa sasa. Wa sasa anaweza kumsifia ili aondoke. Yule wa nyuma hana cha kupata wala cha kupoteza. Kabila, dini au idadi ya watoto visiingie kwenye uamuzi wako. Baadhi ya nchi sheria inakataza, na hata pasipo sheria havikuambii chochote kuhusu pango.

Siku ya kukabidhi, usitupe funguo mlangoni ukaondoka. Huwa napita na mpangaji chumba hadi chumba, mimi na karatasi, yeye na simu anapiga picha. "Sebule: kioo cha dirisha la kushoto kina ufa chini. Vigae 2 mlangoni vimelegea. Swichi zote zinawaka." Tunasoma mita ya maji na ya umeme kwa sauti, tunaandika namba na tarehe. Tunahesabu funguo. Anatia sahihi, natia sahihi, kila mmoja anabaki na nakala. Inachukua dakika 40, na ugomvi wa amana miaka 3 baadaye, ule wa nani alipasua kioo, hautokei. Amana yenyewe iweke kwenye akaunti ya peke yake. Si mapato yako, ni pesa ya mtu uliyomtunzia.

Anapokuambia kitu kimeharibika, nenda au tuma mtu. Bomba linalodondoka tone moja kila sekunde linapoteza lita zaidi ya 20 kwa siku, na maji hayo yakiingia chini ya kabati la jikoni yanaozesha mbao kabla hujaona. Lakini zaidi ya maji, mpangaji anakupima. Ukimjibu ndani ya siku moja kuhusu bomba, atakujibu ndani ya siku moja kuhusu pango. Nimeona hivyo mara nyingi mno kuita bahati.

Na pango likichelewa, piga simu siku ya tatu, usingoje mwezi uishe. Sauti ya upole, swali la wazi: kuna nini, na lini? Kama ana shida ya kweli, andikeni mpango wa malipo wenye tarehe. Kama ahadi ya pili imevunjika, toa notisi kwa maandishi kama mkataba na sheria vinavyosema, bila hasira. Kamwe usimkatie maji au umeme, usibadilishe kitasa, usitoe mlango, usiingie ndani bila taarifa. Mahali pengi hilo ni kosa kisheria, na unaweza kujikuta mdai wa jana ndiye mshtakiwa wa leo. Kisha yule ni mtu aliyelala humo na watoto wake. Njia ya baraza au mahakama ni ndefu, inachosha, na ndiyo sababu nyingine ya ile akiba ya miezi 6.

Kodi ya mapato nitaigusa kidogo tu. Tangu siku ya kwanza tunza kila risiti, hata ya msumari, na fungua akaunti ya nyumba pekee ambayo pango linaingia na gharama zinatoka. Muulize mhasibu kama riba ya mkopo inaruhusiwa kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Sehemu inayolipa deni lenyewe kwa kawaida hairuhusiwi. Wala usidhani sheria ya leo ndiyo ya miaka 15 yote ya mkopo wako. Uingereza, kuanzia 2017 hadi 2020, hatua kwa hatua, watu binafsi wenye nyumba za kupangisha walipoteza ruhusa ya kutoa riba yote kwenye mapato yao na wakapewa nafuu ya asilimia 20 ya riba hiyo badala yake. Waliokuwa na mikopo mikubwa na faida nyembamba ndio waliobanwa, na ndiyo picha ya mkopo wako wa 2,000.

Umeuliza mwisho kuhusu wakala. Wengi hutoza sehemu ya pango, na ukiweka asilimia 10 ya 286 ni karibu 29 kwa mwaka, pengo lako likitoka 44 hadi 73. Kwa nyumba moja iliyo karibu na unapoishi au unapofanya kazi, ningekushauri usimamie mwenyewe angalau miaka 2 ya mwanzo. Utajua fundi yupi anakuja kweli, bomba gani linasumbua, na pango linaingiaje. Baadaye ukimpa wakala, utakuwa unajua cha kumuuliza, na utaitambua bili ya fundi iliyozidishwa. Ikiwa nyumba iko mbali kiasi cha kulala njiani, wakala ni lazima, na hesabu ya kununua uifanye tangu mwanzo na hiyo 29 ikiwa imeshatolewa: inabaki 215, na bei unayoweza kutoa inashuka hadi 2,240 hivi. Mkataba wake useme anaweza kutumia kiasi gani kwa matengenezo bila kukuuliza, analeta taarifa tarehe ngapi, na pango linapita akaunti ya nani. Mimi hupenda lilipwe moja kwa moja kwangu, kisha nimlipe yeye.

Kwa hiyo wiki hii mwombe muuzaji taarifa ya malipo ya miezi 12 na nakala ya mkataba, ukapate kwa maandishi masharti ya riba kutoka benki, kisha mpelekee bei ya 2,400 ukiwa na karatasi ya hesabu mkononi, umwonyeshe mstari kwa mstari. Akishuka kidogo, niandikie tena kabla hujatia sahihi, pamoja na namba mpya na alichokuambia mpangaji kuhusu vitu vibovu.